Mcheza kwao hutuzwa? Gitaa la Carolina na muziki wa ufukweni

Leo kaeni vizuri maana habari ni ndefu kidogo.

Ukimtajia kijana wa mjini "muziki wa ufukweni wa Marekani", mara moja atakutajia Beach Boys na mbao zao za kutelezea mawimbi. Siyo hao. Beach Boys ni watu wa California, upande wa Pasifiki. Ninaowazungumzia mimi wako upande wa pili wa nchi, pwani ya Atlantiki, katika majimbo mawili yanayoitwa Carolina, la Kaskazini na la Kusini. Kule muziki wa ufukweni hauhusiani na kuteleza juu ya mawimbi. Ni muziki wa kucheza wawili wawili, taratibu, miguu ikiburuzwa sakafuni kama mtu anayefuta mchanga kwenye viatu. Dansi yake inaitwa shag. Mwaka 1984 jimbo la South Carolina liliipitisha shag kuwa dansi rasmi ya jimbo, na mwaka 2001 likautangaza muziki wa ufukweni kuwa muziki wake rasmi wa burudani. Yaani ni jambo la sheria, pamoja na bendera na wimbo wa jimbo.

Sasa tazama picha za watu wanaoicheza leo kwenye mji wa North Myrtle Beach. Wengi ni weupe, wengi ni wazee wa umri wa babu na bibi zetu, wamevaa viatu vya kutumbukiza miguu bila soksi, wamefurahi. Wanakumbuka ujana wao. Hakuna ubaya. Halafu sikiliza nyimbo wanazochezea. Waimbaji wake karibu wote ni weusi! Na katika miaka ambayo nyimbo za mwanzo zilitoka, waimbaji hao wasingeruhusiwa hata kutandaza taulo kwenye mchanga ule.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutuzwa. Nataka tuone watu waliocheza kwao kabisa, kwenye ardhi waliyozaliwa, walituzwa nini.

KWANZA GITAA

Tuanze mbali kidogo na bahari. Watu wengi wakisikia neno bluzi wanafikiria Mississippi, Robert Johnson na ile hadithi ya kuuza roho kwa shetani njia panda. Lakini Kusini mwa Marekani kulikuwa na bluzi zaidi ya moja. Kati ya milima ya Appalachia na pwani ya Atlantiki kuna ukanda wa vilima unaoitwa Piedmont. Unapita Virginia, Carolina zote mbili na kuingia Georgia. Huko gitaa lilipigwa kwa namna yake.

Namna yenyewe ni hii. Dole gumba linabaki kwenye nyuzi nene, likirukaruka kati ya uzi mmoja na mwingine, sawasawa, bila kuchoka, kama mguu wa mtu anayekanyaga cherehani. Wakati huo kidole cha shahada, au viwili, vinacheza sauti ya wimbo kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi vikiingia katikati ya mapigo ya dole gumba badala ya kugongana nayo. Asili yake kwa sehemu kubwa ni ragtime, muziki wa piano wa weusi wa mwisho wa karne ya 19: mkono wa kushoto wa mpiga piano umekuwa dole gumba, na mkono wa kulia umekuwa vidole vingine. Matokeo ni kwamba mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti anasikika kama watu wawili, mara nyingine watatu.

Kama umewahi kumsikia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, utaelewa haraka. Naye alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Nasema tu kwamba sikio lililolelewa na magitaa ya Kongo haliwi geni likifika Carolina.

Jambo la muhimu ni kwamba gitaa la Piedmont lilikuwa gitaa la kuchezesha watu. Halikuwa la mtu mmoja kulia peke yake gizani. Lilipigwa kwenye nyumba za watu Jumamosi usiku, viti vikisogezwa ukutani, na lilipigwa nje ya maghala ya tumbaku. Mji wa Durham, North Carolina, ulikuwa mji wa tumbaku. Msimu wa mnada wakulima walileta mzigo, wakalipwa, na viwandani weusi wengi walikuwa vibarua. Penye fedha na watu ndipo mpiga gitaa anapotega kopo lake.

Kati yao alikuwepo Blind Boy Fuller, jina lake halisi Fulton Allen, aliyepofuka akiwa kijana. Mwaka 1935 meneja wa duka moja la Durham, J. B. Long, alimpeleka New York kurekodi. Ndani ya miaka kama mitano akarekodi zaidi ya nyimbo 120. Akafa mwaka 1941. Katika safari ile ya 1935 alikuwepo kipofu mwingine, Gary Davis, aliyezaliwa Laurens, South Carolina, mwaka 1896. Davis baadaye akawa mchungaji, akahamia New York, akaimba dini barabarani na kufundisha vijana gitaa nyumbani kwake. Vijana wengi weupe waliotamba na muziki wa kiasili miaka ya 1960 walipita kwenye vidole vyake.

Elizabeth Cotten ndiye ninayempenda zaidi. Alizaliwa mwaka 1893 karibu na Chapel Hill, North Carolina. Alitumia mkono wa kushoto, na gitaa alilojifunzia lilikuwa la watu wa mkono wa kulia, basi akaligeuza tu bila kubadili nyuzi. Kwa hiyo kwake kila kitu kilikuwa kinyume: vidole vilipiga besi, dole gumba likapiga wimbo. Alitunga "Freight Train" akiwa bado msichana. Kisha maisha yakamchukua, akaacha gitaa kwa miongo kadhaa, akawa mtumishi wa ndani. Akiwa anafanya kazi katika nyumba ya familia ya Seeger ndipo ikagundulika kwamba mama huyu anapiga gitaa. Na wimbo wake? Ulisafiri hadi Uingereza, na mwaka 1957 ukavuma huko ukiwa umeandikishwa kwa majina ya watu wengine wawili. Ilibidi haki itafutwe ndipo jina lake lirudi. Alipata tuzo ya Grammy akiwa amevuka miaka 90.

Na hii wapenzi wa roki mtaipenda. Mzee mmoja wa South Carolina, Pink Anderson, alizunguka kwa miaka mingi na msafara wa wauza dawa, wale wanaokusanya watu kwa muziki na vichekesho kisha wanauza chupa za dawa inayotibu kila kitu (mnawajua, kwetu wapo pale stendi). Mpiga gitaa mwingine wa Chapel Hill aliitwa Floyd Council. Mwandishi Mwingereza Paul Oliver aliyataja majina yao kwenye maelezo ya jalada la santuri ya Blind Boy Fuller mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kijana mmoja wa Uingereza, Syd Barrett, akayaunganisha majina ya kwanza kuwa jina la bendi yake: Pink Floyd. Anderson alifariki mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya The Dark Side of the Moon. Jina lake lilikuwa kwenye kuta za vyumba vya vijana dunia nzima.

Kwa haki niseme pia mfano wa upande wa pili. Kundi la Peter, Paul and Mary liliporekodi wimbo wa mchungaji Gary Davis miaka ya 1960, mrabaha ulimfikia, na kwa fedha hiyo akanunua nyumba New York. Kwa hiyo lilikuwa jambo linalowezekana. Ukiandika jina la mtu mahali panapostahili, kipofu anapata nyumba.

SASA TUSHUKE UFUKWENI

Baada ya vita ya pili ya dunia, gitaa la mtu mmoja lilianza kupoteza nafasi. Weusi wengi walikuwa wamehamia miji ya kaskazini, umeme ulikuwa umeingia kwenye vyombo, na vijana walitaka saksofoni, ngoma na waimbaji wanne wanaoitikiana. Lakini kazi ilikuwa ileile ya kuwachezesha watu Jumamosi usiku. Kampuni za santuri ziliuweka muziki wote wa weusi kwenye kapu moja na kuuita "santuri za rangi". Mwaka 1949 jarida la Billboard likabadili jina la orodha yake, kwa pendekezo la mwandishi wao Jerry Wexler, na hapo ndipo jina la R&B lilipopata cheo.

Dansi nazo zilikuwa na safari yake. Mwaka 1936, mjini Columbia, South Carolina, kulikuwa na klabu ya weusi iliyoitwa Big Apple, ndani ya jengo lililokuwa zamani sinagogi. Wanafunzi weupe wa chuo kikuu walisikia muziki wakipita, wakaomba kuingia. Wakaruhusiwa, lakini walipe na wakae roshani. Hebu fikiria: Kusini yote mweusi ndiye aliyekuwa anapandishwa roshani kwenye sinema, na hapa weupe ndio wamepanda roshani kutazama chini! Walichokiona wakakishusha hadi ufukweni na kwenye kumbi zao, na mwaka 1937 dansi ya Big Apple ikawa homa ya Marekani nzima. Shag ilikua katika ukoo huohuo wa dansi za swing, ikapunguzwa mwendo, ikawa laini zaidi.

Kwa nini ufukweni? Kwa sababu nyumbani haikuwezekana. Redio za weupe miaka ile hazikupiga santuri za weusi, na wazazi wasingekubali ziingie sebuleni. Lakini kiangazi vijana walikwenda Myrtle Beach na Ocean Drive, mbali na macho ya mama. Huko kulikuwa na mabanda ya dansi yaliyo wazi kwa upepo wa bahari, na ndani yake jukiboksi, ile mashine ya kutumbukiza sarafu na kuchagua santuri. Jukiboksi haikuuliza rangi ya mwimbaji. Mwaka 1951 The Dominoes walitoa "Sixty Minute Man", wimbo wa mwanaume anayejisifia uhodari wake wa chumbani (sitafafanua, blogu hii wanasoma na wadogo zangu). Redio nyingi zilikunja uso. Ufukweni ukachezwa hadi santuri zikachakaa. Vijana waliporudi makwao wakasema ule ni muziki wa ufukweni. Kumbe ulikuwa muziki wa weusi wa mitaa ya nyuma ya nyumba zao. Jina jipya likausafisha.

Na weusi wenyewe walikwenda bahari ipi? Sheria na desturi za Jim Crow ziliwafungia fukwe karibu zote. Mwaka 1934 mfanyabiashara mweusi, George Tyson, alinunua eneo kaskazini ya Myrtle Beach, na pakawa Atlantic Beach, waliyoiita Lulu Nyeusi. Palikuwa na hoteli za weusi, migahawa ya weusi na klabu za weusi. Wanamuziki waliopiga kwa ajili ya weupe kwenye hoteli kubwa za jirani hawakuruhusiwa kulala humo, wakaja kulala hapa. Hadi leo ukiendesha gari kwenye barabara ya ufukweni ukafika mpaka wa Atlantic Beach, barabara haiendelei. Unalazimika kuzunguka.

Hata kwenye matamasha ya R&B ya miaka ile, mahali ambapo rangi zote ziliruhusiwa kuingia, mara nyingi ilifungwa kamba katikati ya ukumbi. Weusi huku, weupe kule, bendi moja. Muziki ulipita juu ya kamba. Watu hawakupita.

USIKU WA AGOSTI 26, 1950

Isipokuwa sehemu moja. Ndani ya Myrtle Beach, kwenye mtaa wa weusi wa Carver, alikuwepo mfanyabiashara aliyeitwa Charlie Fitzgerald. Klabu yake watu waliiita Charlie's Place, na pembeni alikuwa na moteli. Ilikuwa kituo kwenye mzunguko wa kumbi za weusi Kusini, na waliopiga hapo ni watu ambao leo tunawaona kwenye stempu: Duke Ellington, Count Basie, Billie Holiday, Ray Charles, Little Richard. Fitzgerald alivaa vizuri, alikuwa na fedha, na wanaomkumbuka wanasema hakuinamisha kichwa kwa mtu. Vijana weupe walioipenda dansi walifika kwake, na kwake hapakuwa na kamba. Waliingia, wakatazama hatua za wachezaji weusi, kisha wakacheza nao. Wacheza shag wa zamani kadhaa walisema waziwazi baadaye: hatua zetu tulizichukua pale.

Kundi la Ku Klux Klan halikuweza kuvumilia hilo. Mkuu wao wa eneo hilo alikuwa Thomas Hamilton, muuza duka la vyakula wa Leesville, mwenye cheo cha kipuuzi cha Joka Kuu. Jumamosi ya Agosti 26, 1950, msafara wa magari yao ulipita mtaa wa Carver wakiwa wamevaa kanzu nyeupe, kuwatisha watu. Wakaondoka. Polisi waliarifiwa kwamba wakirudi tena hapatakuwa salama. Wakarudi, karibu na usiku wa manane.

Zilipigwa mamia ya risasi. Walivunja na kuharibu, wakawapiga wateja. Wakamchukua Charlie Fitzgerald, wakamtia kwenye buti ya gari, wakampeleka porini, wakampiga, wakamkata masikio kwa kisu. Masikio, ndugu zangu. Mwenye klabu ya muziki! Sijui kama waliochagua adhabu ile waliwaza maana yake, lakini mimi kila nikiisoma natua kitabu.

Klan nao walipoteza mtu mmoja kwa risasi. Walipomvua kanzu, ndani yake alikuwa amevaa sare za polisi. Alikuwa askari wa mji wa jirani wa Conway.

Fitzgerald alipona. Aliwekwa kizuizini, ikielezwa kuwa ni kwa usalama wake. Sherifu wa wilaya, Ernest Sasser, kwa kweli alijitahidi: aliwakamata Hamilton na baadhi ya watu wake. Lakini jopo la raia ambalo kwa sheria zao huamua kama kuna kesi ya kujibu liliona hakuna kesi. Hakuna aliyefungwa kwa usiku ule. Fitzgerald alirudi kwenye biashara yake, akafariki mwaka 1955.

Kwa sisi wa fani ya habari kuna kipande kingine. Mwezi mmoja kabla ya shambulio lile, Julai 1950, msafara wa Klan ulipita katika mji mdogo wa Tabor City, mpakani upande wa North Carolina. Mhariri wa gazeti la wiki la pale, W. Horace Carter, alikuwa na umri wa miaka 29. Akaandika tahariri kuwapinga. Wakamtishia, Hamilton mwenyewe akamfuata ofisini, watangazaji wakaogopa kuweka matangazo. Carter akaendelea kuandika kwa miaka mitatu, pamoja na mwenzake Willard Cole wa gazeti la mji wa jirani wa Whiteville. FBI wakaingia. Mwishowe wanachama zaidi ya 100 wa Klan wakatiwa hatiani North Carolina, Hamilton akafungwa, na mwaka 1953 magazeti hayo mawili madogo yakapewa tuzo ya Pulitzer ya utumishi kwa umma. Gazeti la wiki, la mji wa wakulima wa tumbaku! Mara nyingine mtu akiniambia kwamba uandishi wa mikoani hauna maana, huwa namtajia Tabor City.

NANI ALITUZWA?

Oktoba 15, 1954 kimbunga Hazel kilipiga mpakani mwa Carolina hizo mbili na kufagia mabanda mengi ya dansi. Yakajengwa mengine. Muziki haukuondoka, na waliouimba sasa walikuwa watoto wa majimbo hayohayo ya gitaa la Piedmont.

Bill Pinkney, mmoja wa waimbaji wa mwanzo wa The Drifters, alizaliwa Dalzell, South Carolina, na alipigana vita ya pili ya dunia. Maurice Williams alizaliwa Lancaster, jimbo hilohilo, mwaka 1938. Kisa chake kinafundisha. Mwaka 1957 kundi lake la The Gladiolas lilitoa "Little Darlin'", wimbo alioutunga yeye. Ukafika nafasi ya 41 tu kwenye orodha ya jumla. Kundi la weupe kutoka Kanada, The Diamonds, likaurudia wimbo uleule mwaka uleule. Ukafika nafasi ya 2. Williams hakukata tamaa. Mwaka 1960, akiwa na kundi la The Zodiacs, alirekodi "Stay" mjini Columbia, wimbo alioutunga akiwa na miaka 15. Hauzidi dakika mbili, na ndio wimbo mfupi kuliko yote iliyowahi kushika namba moja Marekani. Mnaufahamu hata kama hamjui mnaufahamu: umo kwenye filamu ya Dirty Dancing ya mwaka 1987. Williams aliendelea kuuimba kwenye fukwe za Carolina hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2024.

Alikuwepo pia General Johnson wa Chairmen of the Board, mzaliwa wa Norfolk, Virginia. Alivuma mwaka 1970 na santuri za Detroit, na soko kubwa lilipomsahau akaja huku, ambako watu walikuwa bado wanacheza. Mwaka 1980 akatoa "Carolina Girls", na hadi alipofariki mwaka 2010 alikuwa mfalme wa muziki huu. Kwa hiyo si kweli kwamba weusi wote waliachwa mikono mitupu. Wapo walioishi vizuri kwa muziki wa ufukweni, na wapo wasikilizaji weupe waliowapenda kwa dhati kwa miaka 50. Hilo nalo ni sehemu ya historia, na anayelificha anadanganya kama yule anayeficha masikio ya Charlie.

Lakini tazama lililotokea kwenye mitaa. Ubaguzi wa kisheria ulipofutwa miaka ya 1960, weusi wakapata ruhusa ya kwenda ufukwe wowote, na fedha yao ikaenda nao. Hoteli za Atlantic Beach zikafifia. Leo ni mji mdogo wa watu mia chache, umebanwa pande zote na majengo marefu ya North Myrtle Beach. Charlie's Place iliendelea kidogo chini ya mjane wake Sarah, kisha ikafungwa. Klabu yenyewe haipo tena. Katika miaka ya karibuni halmashauri ya jiji ilikarabati sehemu ya moteli ili iwe mahali pa kumbukumbu. Ilichukua zaidi ya nusu karne. Shag ilikuwa tayari dansi rasmi ya jimbo kwa miaka mingi.

Mnielewe vizuri. Sidai kwamba mtu mweupe asicheze shag. Muziki ukishatoka mdomoni mwa mtu hauna mpaka, na hata sisi tumecheza rumba, chacha na soul bila kuomba kibali. Ninachodai ni kitu kidogo: ukiupenda wimbo, ulizia ulitoka kwa nani na yeye alipata nini. Wabunge wa South Carolina walipoipa heshima dansi, waliipa heshima kazi ya watu waliokatazwa mchanga. Kuipa dansi cheo hakuna gharama. Kumtaja Charlie Fitzgerald kuna gharama, kwa sababu ukimtaja lazima useme na nani walimkata, na kwamba mmoja wao alikuwa na sare za serikali ndani ya kanzu.

Wanaotaka kusikiliza, fuateni mpangilio huu. Anzeni na Blind Boy Fuller, msikilize dole gumba tu, msahau maneno. Halafu Elizabeth Cotten, mkikumbuka kwamba kila kitu anakipiga kinyume. Kisha The Dominoes wa 1951, kisha "Stay", mwisho General Johnson. Saa moja inatosha. Mkifika "Stay" angalieni miguu yenu chini ya meza inafanya nini.

Tupo pamoja.